Bakteria wa kwenye kapsuli hawahamii tumboni, wanapita

Siku ya kumi na moja tangu nimalize dozi ya antibayotiki ya jipu la jino nilikuwa bado naharisha, sio ile ya kukimbia kila dakika ila mara nne mara tano kwa siku, tumbo linaunguruma usiku kucha, na mezani nina kopo la kapsuli za probiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, nimeshalifikisha nusu. Nilikuwa nameza mbili asubuhi mbili jioni, manake kichwani nilikuwa na hesabu rahisi sana, kwamba dawa imeua bakteria wazuri, kapsuli inawarudisha, wakisharudi wanazaliana wanajaa na mambo yanaisha. Shamba limeungua, unapanda tena.

Dokta niliyeenda kumwona alilichukua lile kopo akaligeuzageuza, akasoma lebo kimya kimya, afu akaniuliza, "Mwanangu, hawa unaowameza unadhani wanakwenda kukaa wapi?" Nikamjibu si kwenye utumbo, dokta. Akasema hawakai. "Ukiacha kumeza leo, baada ya wiki moja au mbili ukipimwa choo wengi wao huwaoni tena."

Hilo ndo lilinifanya nianze kusoma na sijaacha mpaka leo, ni miezi sasa, na nimeona niandike kwa sababu kila ninayeongea naye kuhusu probiotiki ana picha ileile niliyokuwa nayo mimi ya mbegu na shamba. Sio mbegu jamani. Ni wageni. Wahenga walishasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa habari ya utumbo huo msemo ni karibu kama maelezo ya maabara, manake kazi wanaifanya wakiwa wanapita, na anayetakiwa kupona ni mwenyeji, yaani ukuta wa utumbo wako pamoja na wale bakteria waliokuwemo humo siku zote.

Tuanze na idadi. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Weizmann kule Israel walipiga upya hesabu ya bakteria walioko kwenye mwili wa mtu mzima wakapata kama trilioni 38, seli za mtu mwenyewe zikiwa kama trilioni 30, na bakteria wote hao ukiwaweka kwenye mizani ni kama gramu 200 tu (ile habari kwamba bakteria ni mara kumi ya seli zetu, ambayo bado inazunguka kila kona, ilipaswa ife hapo). Karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana. Sasa chukua kapsuli yenye bakteria bilioni 10, ambayo ni dozi ya kawaida kabisa. Gawanya. Ni mgeni mmoja kwa kila wenyeji 3,800, na hapo umehesabu kama wote wamefika wazima, kitu ambacho hakitokei.

Hakitokei kwa sababu njia ni mbaya. Mfuko wa chakula ukiwa mtupu una asidi yenye pH ya 1.5 mpaka 2 hivi (namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi), na uko hivo makusudi, ni geti la kuzuia vijidudu wa kwenye chakula wasipite, na geti halijui huyu ni bakteria wa kipindupindu na huyu umemnunua mwenyewe kwa hela yako. Ukila, asidi inapungua makali kwa muda, pH inaweza kupanda mpaka 4 au 5, ndo maana kwa kapsuli nyingi kumeza pamoja na chakula kunaokoa wengi zaidi kuliko kumeza tumbo tupu. Mimi nilikuwa nameza zangu alfajiri kabla sijatia chochote mdomoni, nikiamini ndo zinafanya kazi vizuri.

Wanaovuka hapo wanakutana na nyongo. Nyongo kazi yake ni kuyeyusha mafuta, na utando wa nje wa bakteria umejengwa kwa mafuta, kwa hiyo unaona balaa lenyewe. Jamii za Lactobacillus na Bifidobacterium nyingi zina kimeng'enya cha kuzikata chumvi za nyongo zisiwaumize, na hiyo ni moja ya sababu ndo hao wanaochaguliwa kutengenezea probiotiki na sio bakteria yeyote tu aliyeokotwa kwenye maziwa. Wakitoka kwenye nyongo wanasukumwa haraka kwenye utumbo mwembamba, masaa machache tu, mkondo una kasi na hamna pa kushika, mpaka wanaangukia kwenye utumbo mpana ambako mwendo unapungua kabisa, chakula kinaweza kukaa siku nzima na zaidi, hewa ya oksijeni karibu hamna, na kila gramu ya kilichomo ina bakteria kama bilioni 100. Huko ndo mjini kwenyewe, na mji umejaa, kila nafasi ina mwenyewe.

Hebu nikae kidogo kwenye huo ukuta, manake bila kuuelewa mengine yote hayaeleweki. Kinachotenganisha damu yako na hao matrilioni ni safu moja ya seli. Moja. Seli zimebanana bega kwa bega, zimeshonwa pamoja kwa protini, na kila siku tatu mpaka tano zinabanduka zinakuja mpya. Juu yake kuna ute. Kwenye utumbo mpana ute una matabaka mawili, la juu ni laini na bakteria wanaishi humo wanakula humo, la chini limeshikamana na seli na ni zito kiasi kwamba kwa mtu mzima wa afya karibu hamna bakteria anayepenya. Nyuma ya ukuta kuna askari wa kinga ya mwili wengi sana, wanasikiliza, wakisikia kitu kimevuka wanawasha moto, na moto huo ndo inflamesheni, ndo maumivu, ndo kuharisha.

Kwa hiyo swali la probiotiki ni moja, wageni hawa wakipita kwenye huo ute wanafanya nini cha maana.

Cha kwanza wanachachusha. Wanakula sukari wanatoa asidi ya laktiki na asidi ya siki, na vijidudu wengi wabaya hawapendi uchachu. Wengine wanatoa na silaha zao wenyewe, protini ndogo zinazoitwa bakteriosini zinazotoboa bakteria wa jamii ya karibu. Wengine wanashindana kwa chakula tu. Hapa kuna habari ya zamani ninayoipenda, ya daktari wa Kijerumani Alfred Nissle. Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, alimkuta askari mmoja ambaye hakuugua wakati wenzake wanaugua kuhara vibaya sana, akachukua choo cha yule askari akatoa humo bakteria wa aina ya E. coli, ndio, E. coli hiyohiyo tunayoiogopa, ila hii ya kwake ilikuwa haina madhara na ilikuwa inawabana wabaya. Bado ipo, inaitwa E. coli Nissle 1917, na miaka mingi baadaye maabara zilionyesha moja ya mbinu zake ni kunyakua madini ya chuma kabla Salmonella, bakteria wa kuharisha, hajayapata. Bila chuma Salmonella hawezi kuzaliana vizuri. Hamna sumu yoyote hapo, ni njaa tu.

Cha pili wanashika ukuta. Sio wote. Kuna streni (yaani tawi moja mahususi ndani ya spishi) maarufu sana inaitwa Lacticaseibacillus rhamnosus GG, hizo G mbili ni majina ya waliomtoa, Gorbach na Goldin, miaka ya 1980, walimpata kwa mtu mzima asiye na ugonjwa. Mwaka 2009 watafiti wa Finland walimlinganisha jeni kwa jeni na ndugu yake wa spishi ileile anayeitwa LC705, wakakuta GG ana vinywele vidogo mwilini vinavyonasa kwenye ute, na ndugu yake hana. Spishi moja, jina moja la Kilatini, huyu ananata yule anateleza. Nikisoma hiyo nikakumbuka dokta wangu alivyokuwa akitafuta kitu kwenye lebo ya kopo langu, kumbe alikuwa anatafuta zile herufi za mwisho. Hazikuwepo. Lilikuwa limeandikwa jenasi na spishi basi, yaani ni sawa na kutafuta mtu ukiwa na jina la ukoo peke yake.

Anapokuwa ameshika hapo anaongea na seli, na siongezi chumvi nikisema anaongea, manake GG anatoa protini ambazo kwenye majaribio ya maabara zinazipa seli za ukuta ishara ya kutokufa ovyo na kubana mshono wake. Na streni nyingine zinawafanya wale askari wa nyuma ya ukuta watoe kingamwili za kwenye ute zinazofunga vijidudu kabla havijagusa seli. Kila streni na kipaji chake, huwezi kuchukua kilichoonekana kwa mmoja ukampa mwingine kwa sababu tu wanafanana jina.

Lakini kilichonishika zaidi ni cha tatu, kulishana. Kuna asidi ndogo inaitwa butireti. Seli za utumbo mpana hazitegemei sukari ya kwenye damu kama seli nyingine, kama asilimia 70 ya nguvu zake zinatoka kwenye butireti, na butireti inatengenezwa na bakteria wanaokula nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzisaga. Sasa ajabu ni kwamba hao wa kwenye kapsuli, Lactobacillus na Bifidobacterium, hawatengenezi butireti kabisa. Wanatengeneza laktiki na siki. Halafu wenyeji, kina Faecalibacterium prausnitzii na wenzake, wanaokota hayo mabaki ya wageni na kuyageuza butireti. Kwa hiyo mgeni anaacha chakula, mwenyeji anakila, na ukuta unakula kilichotoka kwa mwenyeji. Kama mwenyeji hayupo, kama umeshamuua kwa dawa, mgeni anaacha chakula na hamna wa kukiokota.

Na haiishii hapo. Seli ikiwa inachoma butireti inatumia oksijeni nyingi, na kwa kuitumia inauacha utumbo bila oksijeni, hali ambayo wenyeji wanaitaka. Antibayotiki ikifagia watengeneza butireti, seli zinabadilisha namna ya kupata nguvu, oksijeni inaanza kuvuja kwenda ndani ya utumbo, na wanaofurahia oksijeni ni haohao kina Salmonella na E. coli wenye madhara. Nilikuwa nadhani dawa inaacha nafasi wazi na wabaya wanaikalia kwa sababu ni wabaya. Kumbe ni hewa yenyewe imebadilika, nyumba imebadilika.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Mwaka 2018 haohao Weizmann walifanya kitu ambacho wengi hawakuwa wamefanya, badala ya kuangalia choo peke yake waliingia na kamera ndani ya utumbo wa watu waliojitolea wakachukua sampuli ukutani kabla na baada ya kuwapa probiotiki yenye streni 11. Wakakuta watu wako makundi mawili, kuna ambao miili yao inawapokea wageni wakashika ukutani kwa muda, na kuna ambao wenyeji wao wanawakatalia kabisa, wageni wanapita moja kwa moja mpaka chooni. Chooni wanaonekana kwa wote, kwa hiyo ukipima choo utasema wamekaa kumbe walikuwa njiani wanatoka.

Afu wakawapa watu 21 antibiotiki ya nguvu na kuwagawa, wengine waachwe wapone wenyewe, wengine wapewe probiotiki, wengine warudishiwe choo chao wenyewe kilichohifadhiwa kabla ya dawa (ndiyo, inafanyika hospitalini kwa utaratibu maalum, sio kitu cha kujaribu nyumbani). Waliorudishiwa cha kwao wenyeji walirudi ndani ya siku chache. Walioachwa walichukua wiki kadhaa. Waliopewa probiotiki ndo waliochelewa kuliko wote, miezi, manake wageni safari hii walipata nyumba tupu wakajaa, na wakawa wanawazuia wenyeji wasirudi.

Mimi nilikuwa nameza kapsuli nne kwa siku baada ya dawa. Nilisoma hiyo karatasi usiku nikaweka simu chini nikakaa kimya muda mrefu.

Ila ngoja, manake hapa ndo watu wanapokimbilia kusema basi probiotiki ni utapeli, na sio hivo. Watu 21 ni wachache, na hiyo ilikuwa mchanganyiko mmoja wa streni. Na kuna majaribio mengi upande mwingine yanayoonyesha kwamba streni fulani zikianza kumezwa mapema, wakati dozi ya antibayotiki ndo imeanza na sio baada ya kuisha, zinapunguza kuharisha kunakoletwa na dawa, na zinapunguza hatari ya Clostridioides difficile, bakteria anayeweza kuua wazee na wagonjwa waliolazwa. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipitia ushahidi wote na hilo la C. difficile ni moja ya machache waliyoyaachia mlango, kwa streni zilizotajwa. Nilichanganyikiwa sana na hizi habari mbili mpaka nilipoelewa kwamba ni maswali mawili tofauti. Moja linauliza je mtu ataharisha wiki hii. Lingine linauliza je wenyeji wake watarudi lini. Mgeni anaweza kukusaidia kulinda mlango leo na huyohuyo akachelewesha mwenye nyumba kurudi, na kwa mgonjwa wa miaka 80 aliyelazwa mlango wa leo ndo muhimu, kwa kijana mwenye afya aliyemaliza dozi ya jino pengine ilikuwa bora aachwe. Mojawapo ya streni zinazotumika hapo, Saccharomyces boulardii, sio hata bakteria, ni wa ukoo wa hamira, kwa hiyo antibayotiki haimgusi.

Kwa watoto wenye kuharisha kwa kawaida kulikokuja ghafla habari ni ya kukatisha tamaa kidogo. Mwaka 2018 yalitoka majaribio mawili makubwa siku moja, moja la Marekani moja la Kanada, kila moja na watoto zaidi ya 800 walioletwa hospitali, nusu probiotiki nusu unga usio na kitu, na hawakutofautiana. GG alikuwemo kwenye hilo la Marekani. Hapo kitu kinachookoa ni maji yenye chumvi na sukari na zinki, kama siku zote.

Lakini upande wa watoto wachanga kuna jaribio lililonitoa machozi kwa uzuri wake. Odisha, India, vijijini, vichanga zaidi ya 4,500, wakapewa kwa siku 7 tu bakteria wa Lactobacillus plantarum wa streni moja iliyochaguliwa kwa miaka kwa sababu inashika utumbo wa kichanga, pamoja na sukari ya kumlisha. Matokeo yalitoka 2017, maambukizi ya kwenye damu na vifo vikiunganishwa vilishuka kutoka asilimia 9 mpaka 5.4. Siku saba. Na kwa nini ilifanya kazi pale wakati kwingine inashindwa? Nadhani, na hii ni fikra yangu mimi, ni kwa sababu kichanga bado hana wenyeji. Mji ni mtupu kweli, mgeni wa kwanza ana nafasi ya kuwa mwenyeji.

Hata maziwa ya mama yanaonyesha hivo. Dada yangu alijifungua kipindi nasoma haya mambo na nilimsumbua sana kwa simu. Kwenye maziwa ya mama, ukitoa laktosi na mafuta, kitu kigumu kinachofuata kwa wingi ni sukari fulani ndefundefu ambazo mtoto hana uwezo wowote wa kuzisaga. Zinapita tumboni kwake hivohivo mpaka utumbo mpana, na huko anazisubiri Bifidobacterium infantis ambaye ana vifaa kamili vya kuzikata. Mwili wa mama unatumia nguvu kupika chakula ambacho sio cha mtoto, ni cha bakteria wa mtoto. Mfaransa Henry Tissier aliwaona hawa bifidobakteria kwenye vinyesi vya vichanga wanaonyonya mwishoni mwa miaka ya 1890, miaka mingi kabla mtu hajajua kwa nini wapo hapo. Dada alininyamazia kidogo kwenye simu afu akasema, "Kwa hiyo hata hawa nawanyonyesha mimi." Ndiyo dada.

Kuna onyo lazima nilitoe na nalitoa kwa uzito wote. Uholanzi, mwaka 2008, wagonjwa wa kongosho lililovimba vibaya walipewa mchanganyiko wa probiotiki wakitegemewa wapate nafuu, na katika waliopewa walikufa 24 wakati kwa wasiopewa walikufa 9. Hakuna aliyetegemea. Ukuta wa utumbo wa mtu mahututi hauna damu ya kutosha, ute umechoka, na bakteria ni bakteria. Kwa hiyo kama una mgonjwa aliye kwenye dawa za saratani, au amepandikizwa kiungo, au ana mrija kwenye mshipa mkubwa, au mtoto njiti, usimpenyezee kapsuli wala unga kwa kuwa tu umesoma ni asili na haina madhara. Shangazi yangu alikuwa kwenye tiba ya saratani mwaka jana na mimi mwenyewe ndo niliyekuwa nimemwandalia kopo, nashukuru alimuuliza nesi kwanza na nesi akamzuia.

Kuhusu kununua nitasema machache. Angalia herufi au namba za streni baada ya jina la Kilatini, angalia idadi ya bakteria hai imeandikwa ni mpaka tarehe ya mwisho au ni siku ya kutengenezwa tu (tofauti ni kubwa, wanakufa humo kopoani kila siku hasa kwenye joto), na tafuta kama hiyo streni imejaribiwa kwa tatizo ulilonalo wewe. Majina pia yasikuvuruge, mwaka 2020 ile jenasi ya Lactobacillus iligawanywa kuwa 25, kwa hiyo rhamnosus na plantarum na reuteri kila mmoja ana jina jipya la mbele na makopo mengi bado yana la zamani. Siku za mwanzo gesi inaweza kuongezeka. Ukimaliza wiki nne huoni tofauti yoyote, acha, streni hiyo na wewe hamjakubaliana.

Na chakula? Hapa mimi ndo nimeweka nguvu zangu. Ukimnyima mwenyeji nyuzinyuzi anageukia kula ute wa ukuta, hii imeonekana wazi kwenye panya mwaka 2016, waliolishwa chakula kisicho na nyuzinyuzi ute wao ulikonda na kijidudu cha kuharisha kikapata njia. Na Stanford mwaka 2021 walichukua watu wazima 36 wenye afya, nusu wakaongezewa vyakula vyenye nyuzinyuzi, nusu vyakula vilivyochachushwa kama mtindi, kwa wiki 10. Wa vyakula vya kuchachusha aina za bakteria tumboni mwao ziliongezeka na protini 19 za inflamesheni kwenye damu zikapungua. Wa nyuzinyuzi, kwa wastani, aina hazikuongezeka, na kinachofikirisha ni kwamba aina nyingi zilizoongezeka kwa wa mtindi hazikuwa za kwenye mtindi. Wageni walipita, na wenyeji waliokuwa wamejificha au wachache mno kuonekana wakainuka. Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi sana.

Mimi tumbo langu lilitulia lenyewe kama wiki ya tano, baada ya kuacha kapsuli na kula kunde, maharage, mboga na mtindi kila siku, siwezi kuapa ni kipi kilichonisaidia au ni muda tu. Mwezi uliopita nikapata homa na koo linauma, na safari hii kabla ya kuandikiwa chochote nikamuuliza yule dokta kama kweli nahitaji antibayotiki. Akaniangalia koo, akanigusa shingo, akasema ni virusi, nenda kapumzike unywe maji. Nikatoka bila dawa. Koo liliacha kuuma siku ya tano.